Mahali pa "Only"

Nikipita Itaka msimu wa kahawa, harufu ya maganda yaliyochacha inanirudisha darasa la saba, mbele ya mwalimu wetu wa Kiingereza. Jina lake silitaji. Anajijua.

Alitupatia insha ya mazoezi ya mtihani. Nilitaka kusema mama tu ndiye ananipenda, maana baba alishatukimbia. Kwa Kiswahili "tu" inafuata neno lake, basi nami nikaandika: "My mother only loves me." Akaisoma kwa sauti.

"Kumbe mama yako anakupenda tu, basi! Hakupikii? Hakuogeshi? Ndiyo maana unanuka!"

Darasa zima likacheka. Nilinuka kweli, kahawa ya shamba la mwalimu huyohuyo, tuliyoimenya asubuhi ile kwa amri yake.

"Mtihani wa taifa siyo wa watu kama wewe, binti. Kesho baki shambani."

Nikabaki hukohuko. Sikurudi shule tena.

Wiki iliyopita mwalimu yule aliingia kwenye kibanda changu cha chakula, Tunduma, karibu na foleni ya malori. Mzee sasa, na mkongojo. Hakunitambua.

"Mama, wali upo?"

Sufuria lilikuwa limejaa. Shikamoo sikumpa. Nikamjibu kwa Kiingereza nilichookota kwa madereva wa Zambia:

"Everybody eats here. Only you will not eat."

Madereva wakaacha kutafuna. Aliyarudia maneno yangu chinichini, moja moja, kisha akageuka akatoka na njaa yake. Safari hii hakupata cha kusahihisha.