Shahidi wa Dhiraa

Watu wa hoteli walimwita Dhiraa, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita aliwaongoza wageni kuvua trauti, wale samaki wa madoa wanaopenda maji baridi, katika kijito kilicho nyuma ya hoteli. Kila samaki aliyemponyoka, kwa maelezo yake, alikuwa na urefu wa dhiraa nzima. Wapishi walicheka mpaka wakachoka. Mkewe, aliyefanya kazi chumba cha kufulia, alisema samaki wa mume wake hunenepa wakishapotea.

Kisha ikaja dhoruba. Ilinyesha siku mbili bila kupumua, ubavu wa mlima ukameguka, na kijito alichokijua nje ndani kikajaa magogo na tope la rangi ya chai ya maziwa. Wageni walifungasha wakaondoka.

Wiki ya tatu meneja alimwita ofisini. Alikuwa kijana mwenye adabu, na hakuzunguka mbuyu. Wakubwa hawakuwa tayari kukodi mashine ya kusafisha kijito kisicho na samaki. Fundi wa bwawa angekuja Ijumaa. Maji yangezibwa huko juu na kuingizwa kwenye mabomba ya hoteli, na kazi ya kuongoza wavuvi ingekwisha.

"Nionyeshe trauti mmoja aliye hai kabla fundi hajaanza, nami nitakipigania kijito," meneja alisema. "Lakini nimwone kwa macho yangu, mzee. Picha unazo tele za zamani, na maneno yako tunayajua."

Yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Tangu Jumatatu alivua. Kila alipofika aligeuza mawe kwanza, kutafuta wadudu wadogo ambao trauti huwala, na chini ya kila jiwe alikuta tope tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema. Yeye aliinama siku nne, akaambulia maumivu ya kiuno. Jioni mkewe alimkanda bila kumtania, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Ijumaa asubuhi alivuka magogo hadi ng'ambo, mahali ambapo chemchemi ndogo ilitiririka kutoka mwambani na kuacha kipande cha maji safi, kama mkeka mmoja kwa upana. Alifunga kwenye mshipi nzi mweusi wa bandia, aliyemtengeneza mwenyewe kwa manyoya ya jogoo, akamtua juu ya maji taratibu. Mara ya tatu mshipi ukakaza.

Alikuwa jike, tumbo limejaa. Dhiraa alimpima ndani ya wavu: shibiri moja na vidole viwili. Hakuongeza hata kidole. Machozi yalimtoka, akayaacha, akampigia mkewe simu.

"Mwite meneja, aje sasa hivi. Ninaye."

"Unaye kweli?"

"Ninaye, mke wangu. Anapumua."

Na hapo akili ya kazi ikamponza. Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kumrahisishia mgeni: kumshika mkono, kumtafutia pakavu pa kukanyaga. Alimfikiria meneja na viatu vyake vya ofisini juu ya magogo yenye utelezi. Akamvusha samaki ndani ya wavu, akamleta ukingo wa huku, penye njia nzuri, akamzamisha kwenye maji ya tope amsubiri mkubwa wake.

Wageni aliwafundisha kila siku: mwelekeze kichwa kwenye mkondo wa maji safi, hesabu mpaka kumi, mwachie. Sasa alihesabu mpaka kumi, akaanza upya. Mkewe alipiga simu kusema meneja yuko na fundi, wanamalizia jambo. Tope liliingia kwenye mashavu ya samaki na halikutoka. Dhiraa alimsukuma mbele na nyuma ili apumue, akimbembeleza kwa sauti ya chini kama mtoto mwenye homa. Alijua kabisa anachokifanya. Angetaka angemwachia, lakini nani angemwamini?

Mkewe, meneja na fundi walipofika, samaki alikuwa amelala ubavu. Mkewe alipiga magoti kwenye tope, akamchukua mikononi mwa mumewe, na vidole vyake vilipogusa tumbo yakatoka mayai, madogo, ya rangi ya chungwa. Mke akafumba macho. Dhiraa alisimama majini, wavu mtupu mkononi.

Meneja aliinama akamtazama samaki kwa muda mrefu.

"Alikuwa hai," Dhiraa alisema hatimaye. "Sasa hivi tu alikuwa hai."

"Nakuamini, mzee," meneja alijibu, na ilionekana wazi kwamba anaamini. "Ila huyu siwezi kuwaonyesha wakubwa." Kisha akamgeukia fundi, wakapanda pamoja kwenda kutazama mahali pa kuziba maji.