Ukuta Uliokataa Kuanguka

Siku niliyoripoti chuoni Ifakara, miaka ya tisini ikiwa katikati, mkuu wa chuo aliitazama fomu yangu, akanitazama mimi, akairudia fomu.

"Uashi?"

"Uashi, mkuu."

"Si ushonaji?"

"Si ushonaji."

Wasichana wote wa mwaka ule walikuwa wamechagua ushonaji, na yeye alidhani nimeweka alama pasipo pake. Akakuna kidevu. Mwishowe akasema, "Haya, tutakupa muhula mmoja. Wiki moja kabla ya kufunga chuo, mwalimu wako atapima ukuta wako. Ukinyooka, unaendelea na uashi. Usiponyooka, unahamia ushonaji, na sitaki kuona machozi." Nikamjibu kwamba machozi hayatakuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na mdomo wangu ulikuwa mkubwa kuliko miaka yangu.

Mama aliyefundisha ushonaji aliyachukulia maneno ya mkuu kwa uzito wote. Alitenga cherehani moja pale dirishani, akaifunika kitambaa cha maua, akawa anaitunza. Darasa lake lilikuwa njiani kabisa, huwezi kwenda karakana ya uashi bila kupita dirisha lile. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba mwanangu. Cherehani yako ipo. Nimeifuta vumbi." Alisema kwa upendo, hilo najua sasa. Wakati ule nilikuwa nasaga meno mpaka nafika karakana.

Nilikuwa na sababu yangu ya kung'ang'ania uashi. Kwetu ni Malinyi, na nyumba yetu ilikuwa bondeni kabisa, karibu na majaruba ya mpunga. Kila masika maji ya mto yalipanda, yakaingia jikoni kwa mama bila hodi, yakakaa wiki nzima kama mgeni asiyejua kuaga. Yakiondoka, yameondoka na ukuta. Mama alijenga upya kila mwaka: miti, fito, udongo. Mimi nilianza kukanyaga udongo wa jiko lile kabla sijaanza shule. Mama aliimba huku anakandika, lakini siku moja nilimkuta amekaa juu ya kinu, mikono ina tope mpaka kwenye viwiko, anautazama tu ule mto. Siku hiyo niliapa moyoni kwamba nitajifunza kujenga ukuta ambao maji yatabisha hodi, yachoke yenyewe, yaende zao.

Sasa fikiria nimefika chuoni na kiapo changu hicho, nakutana na Ijumaa.

Mwalimu wetu wa uashi alikuwa mtu mfupi, asili yake upande wa Mahenge, penseli nyuma ya sikio, makubazi ya matairi miguuni. Matofali ya mazoezi yalikuwa machache, kwa hiyo hatukujengea simenti. Tulijengea mchanga na chokaa kidogo, mchanganyiko laini unaoshika kwa adabu tu, si kwa nguvu. Jumatatu unaanza ukuta, Alhamisi unamaliza, Ijumaa baada ya chakula mwalimu anapita na timazi yake, ile kamba yenye risasi ya chuma chini. Anapima, anasema makosa yako mbele za watu, halafu anauweka mguu kwenye ukuta na kuusukuma. Puu! Unaanguka. Tunasafisha matofali, tunayapanga, Jumatatu tunayatumia tena. Wenzangu walikuwa wanaipenda Ijumaa, wanashangilia kama wako mpirani. Mimi roho iliniuma. Mama yangu anabomolewa na mto mara moja kwa mwaka, na mimi nabomolewa kila wiki na mtu aliyevaa makubazi!

Na kusema kweli kuta zangu zilistahili kubomolewa. Kulaza tofali nilijua. Jicho langu la usawa lilikuwa zuri kupita la darasa zima, maana nimekulia kwenye majaruba, na jaruba lisipokuwa sawa maji yanakwambia siku hiyo hiyo. Shida ilikuwa kusimamisha. Bonde lote limelala: maji yamelala, mpunga umelala, barabara imelala. Nani alinifundisha kitu cha kusimama? Nilipofika kozi ya sita au ya saba, yaani mstari wa sita au wa saba wa matofali, ukuta ulianza kuinama taratibu. Mwenzangu niliyejenga naye jirani, kijana mcheshi aliyekulia kambi ya wakata miwa kule Kidatu, aliinamisha kichwa upande, akasema, "Dada, mbona ukuta wako unasikiliza redio ya jirani?" Nilimtupia konzi ya mchanga. Timazi ilikuwepo mfukoni mwangu, lakini niliona aibu kuitoa kila mara. Nilidhani fundi wa kweli anatumia jicho.

Zilipobaki wiki nne, nikafanya jambo ambalo mpaka leo ndugu zangu wakilikumbuka wanaweka chakula chini wacheke kwanza.

Nyuma ya uwanja wa mpira kulikuwa na kichuguu kikubwa. Mtu yeyote wa bondeni anajua udongo wa kichuguu ni kitu gani. Sakafu ya mama ilikuwa ya kichuguu, mafiga yake ya kichuguu, ukidondosha mchi unapasuka mchi. Nikajiambia: wiki hii, mwalimu, tutaonana. Jumatatu alfajiri nikachota karai tatu, nikaziponda, nikachanganya na ile chokaa ya chuo, nikakanyaga kwa miguu mpaka ukalainika, kama nilivyokanyaga kwa mama.

Mwenzangu wa Kidatu akaja, akauchungulia. "Hicho ni nini?"

"Udongo."

"Naona ni udongo. Wa wapi?"

"Jenga ukuta wako, baba, acha wangu."

Nilijenga haraka, nina hasira na furaha kwa pamoja, na timazi sikuigusa hata mara moja. Jumanne jioni nilikuwa nimemaliza. Ulikuwa mwezi wa kumi, lile jua la Ifakara kabla ya vuli mnalijua. Liliuchoma ukuta wangu Jumatano, likauchoma Alhamisi.

Ijumaa ikafika. Kuta za wenzangu zikaenda moja moja, puu, puu. Mwalimu akafika kwangu, akashusha timazi. Aliishikia juu kabisa, usawa wa kifua, na chini kamba ilikuwa mbali na ukuta vidole vinne.

"Huu ukuta unakwenda wapi?" akauliza.

"Unawahi kivuko, mwalimu," akajibu yule wa Kidatu, na watu wakaangua kicheko.

Mwalimu akaweka mguu, akasukuma. Ukuta kimya. Akasukuma tena, safari hii kwa nguvu. Kimya. Akarudi nyuma hatua mbili, akaupiga teke la haki, na kidole gumba chake kilikuwa kimechungulia nje ya kubazi. "Mama yangu weee!" Akaruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye pipa la maji. Hakuna aliyethubutu kucheka. Tulibana pumzi mpaka machozi. Wakaitwa vijana wawili wausukume, wakaitwa wanne. Ikaletwa nyundo, matofali yakawa yanapasuka lakini viungo havibanduki.

Mwalimu akachechemea, akainama, akakwaruza kiungo kwa ukucha. Akanusa.

"Kichuguu," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Nani kakufundisha?"

"Mama."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akashika ubavu, na hapo sasa darasa zima likalipuka. Nami nilicheka, nikidhani nimepona. Kumbe wapi. Alipomaliza alijifuta macho, akasema kwa upole ambao uliniuma kuliko makofi: "Sikiliza, binti. Hatujengei mchanganyiko laini kwa ubahili tu. Tunajengea mchanganyiko laini kwa sababu ninyi bado mnakosea. Ukikosea kwa chokaa, kesho unarekebisha. Wewe umechukua kosa lako, umelifunga kwa kichuguu. Sasa kosa ni gumu kuliko wewe." Akainuka. "Nyundo iwekwe chini. Ukuta huu unabaki hapa hapa. Na kuanzia Jumatatu utajengea mbele yake."

Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kwa hasira. Ndiyo, nililia, na mkuu nilimwahidi. Nililia kwa sababu wiki zilizobaki zilikuwa tatu, na kwa mara ya kwanza niliiona ile cherehani kweli kweli, na mimi nimeikalia, nashona mashati ya shule maisha yangu yote huku mama anakandika tope.

Ukuta ukapata kazi. Watu waliegesha baiskeli. Ovaroli zilianikwa juu yake. Kuku wa mpishi walipata kivuli upande ule ulioinamia. Siku moja nikamkuta mama wa ushonaji mwenyewe anatandaza vitambaa alivyofua. "Mwanangu," akasema, "ukuta wako huu Mungu akubariki, nguo zinakauka bila kugusa tofali la chini. Na cherehani ipo."

Mimi na timazi tukawa ndugu. Kila kozi nilishusha kamba, nikasubiri risasi itulie, na ile kusubiri ndiyo ilikuwa kazi ngumu, maana mimi si mtu wa kusubiri. Nikiona tofali limetoka nje hata unene wa kucha, nabandua. Chokaa ilikubali, ikaachia bila ugomvi, nikalaza tena. Kuna siku nilirudia kozi ya saba mara tano. Mwenzangu wa Kidatu, aliyekuwa amemaliza wake zamani, alikaa pembeni akawa ananishikia kamba na kunisimulia uongo wa kambini kwao ili nisipandishe hasira. Mara ya tano alisema tu, "Hapo." Nikapumua.

Jiko la mama nilikuja kulijenga miaka michache baadaye, juu ya msingi wa mawe, simenti tupu. Sakafu peke yake alinikatalia. Alisema simenti inamchubua miguu, akaipiga mwenyewe kwa kichuguu.

Ijumaa yenyewe ya kupimwa ilipofika, mwalimu alikuja na daftari. Kidole gumba kilikuwa kimepona, ila ukucha mpya ulikuwa haujamaliza kuota, na macho yangu yalikataa kutoka hapo. Akashusha timazi kona ya kwanza. Kamba ikayumba, ikayumba, ikatulia. Akafumba jicho moja. Akaenda kona ya pili. Akaweka pima maji juu, akangoja kile kipovu kitulie katikati. Akaandika kitu kwenye daftari, akalifunga.

"Bomoa mwenyewe," akasema.

Niliutazama. Ulikuwa umesimama wima kama mtu anayeimbiwa wimbo wa taifa, na pembeni yake yule kaka yake mlevi ana ovaroli kichwani. Nilitamani kuomba uachwe hata mpaka Jumapili, watu wakitoka misani waupitie. Nikaweka mguu, nikasukuma. Puu. Nilingoja roho iniume kama kawaida, haikuuma. Nilikuwa najua nikipewa matofali yale yale Jumatatu nitausimamisha tena, na utakuwa umenyooka.

"Mwalimu, nimefaulu?"

"Mkuu ndiye anatangaza Jumatatu. Safisha matofali."

Jumamosi sikula. Jumapili nilikwenda misa zote mbili. Jumatatu nilitoka bwenini mapema, nikafika dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikangoja. Hakuongeza neno. Nikachungulia ndani: kitambaa cha maua kilikuwa kimekunjwa, na kwenye cherehani alikaa msichana mgeni, ulimi nje, anahangaika kutia uzi kwenye sindano.

"Mama," nikasema, "cherehani yangu?"

Akanitazama juu ya miwani yake. "Cherehani yako tangu lini? Wewe si mwashi?" Akarudi kumshikia yule msichana uzi. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia kwenda karakana aliponiita kwa sauti, akiwa amechomoza kichwa chote dirishani: "Lakini ule ukuta wangu wa kuanikia, asiuguse mtu!"