Kashida Kadogo Kutoka Usa River

Juzi nilikuwa kwenye ofisi ya mafundi wa programu za kompyuta hapa mjini, nikisubiri kuchapiwa tangazo la mchezo wangu wa kuigiza. Akaingia mama mmoja, karani wa shamba la maua huko Usa River, kijasho kikimtoka puani.

"Shikamoo, mama," fundi mmoja akamwamkia.

"Marahaba, baba. Wazima hapa? Watoto?"

"Wazima. Programu yetu inasumbua?"

"Kashida kadogo tu."

Fundi akachukua fomu ya kupima uzito wa tatizo. Daraja la kwanza ni kazi kusimama kabisa. La tatu ni kero inayoweza kungoja. Akatia alama kwenye la tatu.

"Tutakuja Alhamisi, mama."

Mama akaweka kitenge sawa begani, akashukuru, akafika mlangoni. Hapo akageuka.

"Sasa yale maua nimwambie dereva ayashushe?"

"Maua gani?"

"Ya kwenye lori. Kompyuta imegoma kutoa hati za mzigo tangu asubuhi, na ndege inaondoka saa kumi."

Fundi aliruka, ungedhani kakalia pasi ya mkaa. "Mama! Hilo ni daraja la kwanza!"

"Sasa baba, nije nikupigie kelele ofisini kwako, hata watoto sijawaulizia?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikajiuliza: mimi mwenyewe nyumba ikiungua, si nitaanza na "salama tu, ila..."?

Kabla ya kukimbilia gari, fundi alikata swali la kwanza kwenye fomu, lile la "Tatizo ni kubwa kiasi gani?" Juu yake akaandika kwa kalamu: "Tusipokuja leo, nini kitaoza?"