Kidari cha Kaka Sifael

Mwaka 2024 ulipoanza, Ndelilio wa Masama, huku mlimani, hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa na kahawa yake, migomba yake, ng'ombe wawili wa maziwa, na nyumba ya marehemu baba aliyoachiwa kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Kaka yake mkubwa, Sifael, fundi saa aliyekwisha kuacha kazi, aliishi mjini, kata ya Mawenzi. Januari hiyo Ndelilio aliteremka mara tatu kwenda kutazama Taifa Stars kwa kaka yake, wakati wa mashindano ya Afrika kule Ivory Coast. Stars walirudi bila kushinda hata mechi moja, lakini hao ndugu wawili walicheka mpaka shemeji mtu akawafukuza wakalale. Mei, Yanga walipochukua tena ubingwa, Sifael alimpigia simu mdogo wake wa Simba asubuhi na mapema kumpa pole ya msiba. Ndivyo walivyopendana, kwa kuchokozana.

Kilichomharibu Ndelilio ni uchaguzi wa serikali za mitaa. Aliutaka uenyekiti wa kitongoji. Mshahara hauna, wala gari. Alitaka kuitwa mwenyekiti basi, maana tangu azaliwe alikuwa mdogo wake Sifael, hata kanisani, hata kwenye vikao vya harusi. Mtu wa miaka hamsini na minane, bwana, na bado ni mdogo wa fulani. Kuutaka uenyekiti simlaumu. Namlaumu kwa namna alivyoutafuta.

Jumapili moja ya Oktoba, majina ya wagombea yakiwa bado yanachujwa, alimwalika mkubwa mmoja wa chama kutoka wilayani. Akachinja beberu wa maana. Akaita na ukoo, ili mgeni aone kwamba huyu ni mtu mwenye watu. Sifael alipanda kutoka mjini na kofia yake ya sikukuu, maana alikuwa ameahidi kumsemea mdogo wake maneno mazuri.

Sasa, kwetu nyama haigawiwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe. Shangazi ana chake, wakwe wana chao, na kwa ukoo huu kidari ni cha mkubwa wa ukoo. Tangu baba yao azikwe pale kihambani, shamba la ukoo nyuma ya nyumba wanamozikwa wote, kidari kilikuwa cha Sifael. Angeweza kukikatakata akawapa watoto chote asionje hata kidogo, lakini lazima kwanza kipite mikononi mwake.

Ndelilio alikinyanyua kwa sinia, akampita kaka yake aliyekwisha kunawa, akakiweka mbele ya mgeni.

"Mheshimiwa," akasema, "hiki ni chako."

Mgeni hakuwa mtu wa huku, hakujua, akala kwa raha zake. Wazee waliacha kutafuna. Sifael akapewa kipande cha shingo. Alikila chote, akamalizia mbege yake, pombe ya ndizi, akashukuru kwa chakula, akaomba kofia yake. Bodaboda ikamshusha hadi Kwa Sadala kutafuta gari la mjini. Yale maneno mazuri hakuyasema, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Elinipendo, mke wa Ndelilio, alimwambia mumewe siku hiyohiyo kwamba kesho aamkie Mawenzi na jani la sale, jani ambalo huku kwetu ukiletewa na mtu anayeomba radhi, huna budi kumsamehe. Ndelilio akajibu kwamba kaka ni mtu mzima, ataelewa hiyo ni siasa, na kwamba atakwenda uchaguzi ukipita. Jamani, uchaguzi ukipita! Kutoka Masama hadi mjini nauli ni ya kikombe cha chai na andazi.

Jina lake likapita. Kampeni zikaanza, akaimbiwa, akacheza, akapoteza sauti. Novemba ishirini na saba akashinda kwa kura arobaini na moja, wakambeba juu juu. Akampigia simu kaka yake akiwa bado mabegani mwa watu.

"Hongera, mwenyekiti," Sifael alisema, basi.

Lile neno alilolitafuta mwaka mzima lilimchoma. Siku zote kaka yake alimwita mdogo wangu.

Desemba watu wakapanda nyumbani kutoka Dar, Mwanza, kila mahali. Magari ya wana wa Sifael hayakupanda. Siku ya Krismasi Ndelilio akachinja, akakifunga kidari kizima katika jani la mgomba, akachuma sale, akateremka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu."

Uani palikuwa na ngozi mbichi ya mbuzi. Wana wa Sifael walikuwa wamechinjia palepale mjini, na baba yao alikuwa ameshapewa kidari chake. Ndelilio alipiga magoti, mwenyekiti mzima, akatoa lile jani kwa mikono miwili.

Sifael alilipokea. "Nimekusamehe," akasema. "Nilikusamehe nikiwa bado njiani siku ile. Lakini wanangu nimeshawaambia. Nikifa wanizike huku, makaburi ya mjini. Kule juu niliona mahali pangu pana mtu mwingine."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Ndelilio angejua la kufanya. Alilia mbele ya watoto wa kaka yake, akashikwa bega, akapewa chai, akaambiwa anywe isipoe. Kidari alikiacha mezani, na hakuna aliyekifungua.

Alipofika nyumbani ukoo ulikuwa bado umekaa, sufuria zimefunikwa, watoto wanalalamika njaa. Elinipendo akampokea mlangoni, akamuuliza kama shemeji atakuja hata Mwaka Mpya.

"Wape watu chakula," Ndelilio akasema. "Tusimsubiri."