Kiuno cha Wifi

Kwa fundi cherehani hapa Kilwa Masoko, nami nikisubiri nguo yangu, shangazi wa bibi harusi alijaribu gauni la sare ya kesho. Pindo lilifika sawa miguuni, lakini kiuno kilimkaa mbavuni.

"Si mlisema mko sawa?" fundi akalalamika. "Nikampima wifi yako tu."

Wifi mtu akacheka mpaka akaegemea cherehani. "Sawa kimo! Mwenzangu urefu wote uko kiwiliwilini, miguuni kasahauliwa."

"Na wewe miguu imeanzia kwapani!" shangazi akajibu, machozi yakimlengalenga, maana bila sare angeingiaje ukumbini? "Fundi, kata huko chini, uniongezee kiunoni."

Kiraka alichokitia fundi kikatokea kama mshipi, kikampendeza.

Harusini, wifi naye alikuwa na mshipi, umemshukia nyongani.

"Ndiyo fasheni, mwanangu," wifi akaniambia.

Nami, ninayejikagua kwenye kioo mpaka nachelewa kazini, nimeshaagiza mshipi wangu.