Bati Jipya la Skuli ya Shamba

Juzi nilikuwa dukani Konde napimiwa mafuta ya taa, nikamsikia bwana mkaguzi wa skuli akimlalamikia mwenye duka. Skuli yetu ya shamba ilikuwa tupu. Wakubwa wa skuli wakaipa madawati na bati jipya, ikabaki tupu. Wakaweka Kurani iwe somo la kwanza, watoto wakajaa. Lakini Kurani ikisha tu, mama zao wako mlangoni na mapakacha, wawapeleke kuchuma karafuu.

"Skuli ikikosa watoto itafungwa," akasema, anagonga meza kwa kidole. "Sasa Kurani itasomeshwa mwisho."

Mama mmoja aliyekuwa akichagua kanga akageuka. "Ahsante bwana. Asubuhi wachume, adhuhuri tutawaleta."

Bwana akavua kofia, akajipepea. "Basi mwanzo na mwisho!"

"Hapo umesema, bwana wangu. Mwanzo watasoma, mwisho watasoma. Hapo katikati tutawaazima tu, tutawarejesha."

Mimi sikuvuka juzuu ya kwanza, lakini kuku nimefuga. Ukiwatupia mtama watakuja, wakishiba watakwenda zao. Sijamwona hata mmoja aliyebaki kulisifia banda bati lake.