Nilikigandisha Kichupa cha Mwanangu, Sasa Anamlaumu Mwenzake

Admin, nifichie jina, mwanangu anausoma ukurasa huu. Nina miaka 51, mjane, nipo Kimamba huku Kilosa, nauza barafu za ubuyu. Shule niliishia la nne, mtanivumilia.

Binti yangu anasomea mambo ya maabara chuoni. Mwezi uliopita alitumwa Dar kuchukua kichupa kwa mwenzake wa maabara, Zawadi, na mwalimu wake alimwonya asipitie popote. Mimi ndiye niliyemlilia kwenye simu apite nyumbani japo siku mbili nimuone.

Akaja na kideli chake cha kutunzia baridi, kichupa kimo ndani. Nikamuuliza, "Dawa ya nini hii?"

"Si dawa, mama, ni kingamwili. Ukizimimina kwenye seli zinaitafuta protini yake, zikiipata zinaing'ang'ania. Tukichungulia kwenye darubini panang'aa kijani."

"Kama ndama anavyomjua mama yake kwenye zizi zima?"

Akacheka. "Mama, njoo utufundishe wewe!" Akakitoa kichupa, akakiweka kwenye friji, chini. "Kisipate joto tu."

Kesho yake akaenda Chanzuru kumsalimia shangazi yake. Huku nyuma umeme ukakatika, friji ikaanza kutoa jasho. Mimi muuza barafu najua baridi inakaa juu, nikakifukia kichupa katikati ya barafu zangu. Umeme uliporudi, baada ya saa chache kilikuwa kigumu kama jiwe. Nikafurahi! Nikakirudisha chini, wala sikusema kitu, kwani kulikuwa na la kusema?

Sasa huko chuoni kapima mara tatu, darubini giza tupu. Jana kanipigia analia: "Zawadi kanipa kilichokufa, mama. Wivu tu! Keshokutwa nampelekea mwalimu barua."

Nikamchokonoa, je, kikiganda?

"Kikiganda ndio basi tena. Lakini hakijaganda popote."

Jamani, nilikaa chini. Nina hasira na umeme, na mimi mwenyewe, na yeye pia: mbona aliniambia joto tu? Huyo Zawadi akiwa na binti yangu lazima achukue simu aniamkie, "Shikamoo mama." Ndiye anayekwenda kufukuzwa maabara. Nikisema ukweli, mwalimu atajua binti alilala kwangu, afukuzwe yeye.

Leo wateja wamegonga, sijafungua friji. Ninyi mliosoma, na ninyi mliozaa, nisaidieni kabla ya hiyo barua: nimtaje mwanangu, au nimwache mtoto wa mwenzangu aumie kwa kosa langu?